Modemu ya Ndani, Modemu ya Nje

Mwaka 2003 mkazi wa Tandika, Mtoni au Mbagala aliyetaka intaneti nyumbani kwake hakuanza kwa kuuliza bei ya modemu. Yeye ndiye aliyeulizwa kwanza: una laini? Simu ya mezani pembezoni mwa Dar es Salaam ilikuwa ya wachache. Zahanati ilikuwa nayo, shule ya watu binafsi, parokia, duka la vifaa vya ujenzi, na wastaafu wa serikali waliovutiwa waya enzi zao wakiwa kazini. Wengine wote walikuwa wameshairuka hatua hiyo. Vodacom ilikuwa imeingia Agosti 2000 na Celtel mwaka uliofuata, na mtu mwenye simu ya kiganjani hakuona sababu ya kusubiri nguzo ifike mtaani kwao.

Kwa hiyo wateja wa kijana aliyekuja kuandika makala haya walikuwa watu wa aina yake. Wakati huo alikuwa fundi kompyuta kwenye kibanda cha steshenari, si mbali na soko la Tandika, akichapa barua za watu asubuhi na kufungua makasha ya kompyuta jioni. Mteja wake wa modemu alikuwa mtu mzima, mwenye nyumba yake, mwenye waya mbili za shaba zilizotoka kwenye nguzo, zikapita juu ya mwembe wa jirani na kuingia sebuleni kupitia tundu la dirisha. Alikuwa na mtoto anayesoma nje, au yeye mwenyewe anasoma Chuo Kikuu Huria, au ana kikundi cha maendeleo kinachotakiwa kupeleka taarifa kwa wafadhili. Mikahawa ya intaneti ilikuwepo, shilingi 500 hadi 1,000 kwa saa, lakini mtu wa rika lile hapendi kuandika barua zake huku kijana mwingine anachungulia nyuma ya bega akisubiri zamu.

Intaneti ya kupiga simu ilikuwa na gharama mbili. Kulikuwa na ada ya mtoa huduma, na jijini walikuwepo kadhaa tangu CyberTwiga walipoanza mwaka 1996. Halafu kulikuwa na bili ya simu yenyewe, kwa sababu kila dakika uliyokuwa mtandaoni ilihesabiwa kama mazungumzo ya kawaida. TTCL ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya simu za mezani Tanzania Bara hadi Februari 2005, hivyo hapakuwa na mahali pa kukimbilia kutafuta dakika za bei nafuu. Modemu inayochelewa kushika laini, au inayoshika kisha ikaachia katikati ya barua, ilikuwa inakula fedha ya mtu waziwazi. Ndiyo maana swali la modemu ipi inunuliwe halikuwa la washabiki wa kompyuta peke yao.

Linux, mfumo endeshi huria, iliingia kwa mlango wa nyuma. Kompyuta nyingi za Temeke zilikuwa mitumba, Pentium II na III zilizotoka maofisini Ulaya au kupitia Dubai, zikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 au 128. Windows iliyowekwa humo ilikuwa ya sidii za kunakili, na Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilipoenea duniani, mashine za Windows XP zilianza kujizima na kujiwasha zenyewe, nyingi zikiwa zimeunganishwa mtandaoni kwa dakika chache tu. Mteja aliyelipa bili ya simu ili kompyuta yake ipate ugonjwa alikuwa tayari kusikiliza neno lolote jipya. Fundi alikuwa na sidii za Linux ya Red Hat 9, tatu kwa idadi, alizonakili kwa rafiki aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliziweka kwenye mashine ya kwanza, ya pili, na kila kitu kikakubali: kioo, sauti, hata printa. Kisha akafika kwenye modemu.

Maduka ya Kariakoo yaliuza aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kadi ndogo ya kijani, upana wa viganja viwili vya mtoto, inachomekwa ndani kwenye mazabodi na kuacha matundu mawili tu ya waya wa simu nyuma ya kasha. Ya pili ilikuwa boksi la nje lenye adapta yake ya umeme, safu ya taa mbele, na waya mnene wa kuingia kwenye poti ya siriali yenye pini 9. Boksi lilikuwa na bei mara nne au tano ya kadi. Zote mbili ziliandikwa 56K, na zote mbili zilitaja kiwango cha V.90 au V.92. Muuzaji akiulizwa tofauti alijibu kwa haraka kwamba ya ndani haichukui nafasi mezani.

Mwalimu mkuu mstaafu wa Chang'ombe alileta kompyuta yake pamoja na kadi iliyokuwa bado inanukia upya.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nimeambiwa hii Linux yako haina virusi. Sasa nataka barua pepe yangu isome humo humo."

Fundi alichomeka kadi, akawasha, akafungua programu ya minicom na kuandika herufi mbili, AT. Modemu iliyo hai hujibu OK. Hii haikujibu chochote. Alijaribu poti zote za siriali, kuanzia ttyS0 hadi ttyS3, na kila moja ikabaki kimya. Alipoandika lspci ili mashine itaje vifaa vilivyomo ndani yake, kadi ilionekana kwenye orodha, lakini ilitajwa kama chombo cha mawasiliano tu, bila neno siriali.

"Kadi ni mpya, na boksi lake hili hapa. Wewe unasema haipo?"

"Ipo, Mwalimu. Ila haijitoshi."

Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na linastahili kuelezwa taratibu. Modemu kamili ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ile inayogusana na laini ya simu, inayogeuza umeme wa sauti kuwa namba na namba kuwa sauti. Ya pili ni kichakataji kinachopiga hesabu za kutengeneza na kuzitambua zile sauti za kukwaruza, na ndicho kinachofanya kazi ngumu. Ya tatu ni msimamizi: anapokea amri kutoka kwenye kompyuta, anapiga namba, anasahihisha makosa ya njiani na kubana data. Katika miaka ya 1990 watengenezaji waligundua kwamba Pentium ina nguvu za kutosha kuzifanya kazi hizo yenyewe. Baadhi yao wakamwondoa msimamizi na kumhamishia kwenye programu. Wengine wakamwondoa na kichakataji pia, wakabakiza sehemu ya kugusa laini peke yake. Mnunuzi wa kadi kama hiyo ni sawa na aliyelipia jiko la mchina akapewa tambi.

Kilichobaki kiliandikwa kama programu ya Windows, kwa sababu ndiko wateja wengi walikokuwa. Kampuni ya U.S. Robotics ilizipa bidhaa zake za namna hiyo jina la Winmodem, na watu wakalifanya jina la zote. Programu hizo hazikutolewa wazi. Hesabu zake zilikuwa siri ya mtengenezaji wa chipu, na baadhi ya mbinu zilikuwa na hataza. Hivyo watu wa Linux, ambao kwa kawaida huandika draiva, yaani programu za kuendesha vifaa, wao wenyewe, hapa hawakuwa na pa kuanzia.

Zilikuwepo njia za kuzunguka. Chipu za Lucent zilipata draiva iliyofanya kazi vizuri kiasi, ijapokuwa kiini chake kilikuja kimefungwa. Za Smart Link nazo zilipata yake. Kwa chipu za Conexant, zilizokuwa nyingi kuliko zote, kampuni ya Kanada iitwayo Linuxant ilitoa draiva ambayo toleo lake la bure lilikimbia kwa kasi isiyozidi biti 14,400 kwa sekunde. Aliyetaka kasi kamili alinunua leseni kwa kadi ya benki ya kimataifa, kitu ambacho mwalimu mstaafu wa Chang'ombe hakuwa nacho. Kwa kasi ile ya bure, faili la megabaiti 10 lilichukua zaidi ya saa moja na nusu, na bili ya simu ikiendelea kuhesabu.

Tabu nyingine ilikuwa kuipata draiva hiyo. Ilikuwa mtandaoni, na mtandao ulihitaji modemu. Fundi alikwenda nayo mzobemzobe: anapanda daladala hadi mkahawa wa intaneti, anapakua, anagawa faili kwenye flopi za megabaiti 1.44, anarudi Tandika, na flopi moja kati ya hizo inakataa kusomeka. Ikisomeka, draiva ilitaka kulingana na toleo la kerneli, kiini cha Linux, sawasawa. Red Hat 9 ilikuja na kerneli 2.4.20-8. Ukiibadilisha kerneli kwa sababu za usalama ukafika 2.4.20-20.9, draiva ya jana ilikataa kupakiwa, ikamwaga kiooni mlolongo wa majina isiyoyatambua, na mteja anarudi kibandani na kasha lake mgongoni mwa pikipiki akisema intaneti imekufa.

Boksi la nje halikuwa na vituko hivyo. Mwalimu alilipata la mkono wa pili kutoka ofisi moja ya mjini iliyokuwa inahamia huduma ya kudumu, na bei yake ikawa ya kuzungumzika. Fundi alilichomeka kwenye poti ya siriali, akaandika AT, likajibu OK. Hapakuwa na draiva wala flopi. Sababu ni kwamba sehemu zote tatu zilikuwa ndani ya boksi, na lugha ya kuongea nalo ilikuwa ile iliyoletwa na modemu ya Hayes mwaka 1981, ambayo karibu watengenezaji wote waliiiga. ATDT kisha namba, inapiga. ATH, inakata. ATZ, inarudi kwenye hali yake ya mwanzo. Linux haikuhitaji kujua boksi limetengenezwa na nani wala mwaka gani.

Halafu kulikuwa na taa. Kadi ya ndani ikishindwa, unabaki kubahatisha kama ni laini, ni programu au ni mtoa huduma. Kwenye boksi, fundi aliketi chini na kusoma. Taa ya OH ikiwaka, simu imeinuliwa. Modemu inapiga, upande wa pili unapokea, zinaanza kukwaruzana kwa sauti ya juu kidogo kuliko masikio yanavyopenda, kisha CD inawaka: zimeelewana. Baada ya hapo SD na RD ndizo za kutazama, moja data inatoka, nyingine inaingia. CD ikizimika ghafla huku mvua inanyesha, hakuna haja ya kufungua kompyuta. Nenda kaangalie pale waya ulipounganishwa kwa mkanda mweusi juu ya mwembe.

Mambo ya laini yalikuwa somo zima. Kasi ya biti 56,000 kwa sekunde ilikuwa ya makaratasi. Ili kuikaribia, mtoa huduma lazima awe ameunganishwa kidijitali na kituo cha simu, na mteja awe karibu na kituo hicho na shaba yake iwe safi. Nyumba iliyo mbali, yenye maungio mengi njiani, ilishukuru ikipata 33,600 au 28,800. Baadhi ya modemu zilizotengenezewa soko la Marekani zilikataa hata kupiga, zikilalamika kwamba hakuna mlio wa laini, ilhali mtu akiinua mkono wa simu anausikia kabisa. Mlio ulikuwepo, ila si ule zilioufundishwa. Dawa ilikuwa amri moja, ATX3, inayoiambia modemu ipige bila kuusubiri mlio. Fundi aliiandika kwenye mafaili ya wvdial, programu ya kupigia simu, ya wateja wake wote, hata wasioihitaji.

Si haki, hata hivyo, kuacha ionekane kwamba nje ni kuzuri na ndani ni kubaya, basi. Kadi za zamani za ISA, zile ndefu zenye vijipini vya kupangia namba ya poti, nyingi zilikuwa modemu kamili, na Linux ilizitambua bila neno. Hata kwenye kadi mpya zaidi za PCI zilikuwepo chache. U.S. Robotics hao hao walitengeneza kadi ya modeli 5610 yenye sehemu zote, na lspci iliitaja waziwazi kuwa ni chombo cha siriali. Upande wa pili, maboksi ya nje ya USB yalipoanza kuingia Kariakoo, mengine yalikuwa matupu kama kadi za bei rahisi, yakitegemea programu ya Windows kwa kila kitu. Yale yaliyofuata kanuni ya wazi ya USB yalijitokeza kama ttyACM0 na kufanya kazi mara moja. Kwa macho hukuweza kuyatofautisha. Fundi alijifunza kuuliza swali ambalo wauzaji hawakulipenda: linafanya kazi bila sidii yake? Aliyejibu "lazima uweke sidii" alikuwa amekwisha kusema yote.

Lakini sababu iliyowashawishi wateja wengi kununua boksi haikuwa Linux hata kidogo. Ilikuwa masika. Kati ya Machi na Mei radi ikipiga karibu na nyaya zinazoning'inia, umeme hupita kwenye shaba ya simu na kutafuta pa kuingilia. Kadi ya ndani imekaa moja kwa moja kwenye mazabodi, na fundi ameona zaidi ya mara moja kadi iliyoungua na kuiua mashine nzima. Boksi la nje likipigwa, mara nyingi hufa peke yake. Anabaki mtu na hasara ya modemu na kompyuta yake imepona. Umeme wa ukutani nao ulikuwa na visirani vyake, ukikatika na kurudi kwa kishindo, na mwaka 2006, mgao ulipobana nchi nzima baada ya ukame kukausha mabwawa, wateja walijifunza kuchomoa waya wa simu na adapta kabla ya kulala. Kuchomoa boksi ni kazi ya sekunde mbili. Ya ndani, wengi waliisahau.

Upande wa Kinondoni, kule Mwananyamala, mama mmoja mwenye duka la steshenari alikuwa na laini moja na kompyuta nne, na alitaka zote ziingie mtandaoni. Alikuwa ameambiwa anunue kifaa cha bei kubwa. Fundi aliomba kompyuta mbovu kuliko zote aliyokuwa nayo, Pentium ya zamani ambayo Windows ilishaikataa, akaweka Linux bila hata kioo cha picha, akaipa kadi ya mtandao na modemu ya nje. Kerneli 2.4 ilikuwa na iptables, uwezo wa kuzificha kompyuta kadhaa nyuma ya anwani moja. Akaongeza Squid, programu ya kuhifadhi kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mteja wa pili akitaka ukurasa ule ule asiusubiri upya. Mwisho akaiagiza pppd, programu ya kuunganisha, ipige simu pale tu mtu anapohitaji, na ikate kukiwa kimya.

Mashine ile ilikaa chini ya kaunta, ikifunikwa kanga ili kuzuia vumbi. Modemu ya programu isingeweza kazi hiyo. Pentium ya aina ile haikuwa na nguvu ya kupiga hesabu za sauti huku ikihudumia watu wanne, na hata kwenye mashine yenye nguvu, kichakataji kikizidiwa kidogo modemu hupoteza mdundo na laini hukatika. Boksi lilibeba kazi yake lenyewe. Likigoma, yule mama hakumwita fundi. Alizima swichi ya boksi, akahesabu hadi kumi, akawasha.

"Mwanangu, hii ndiyo kompyuta pekee humu ndani ambayo sijawahi kuilipia fundi," alimwambia mara moja, na fundi hakujua acheke au anune.

Mwishoni mwa 2004 mambo yalianza kuonekana kama yatanyooka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza mwalimu mstaafu aliona menyu inayosema lugha aliyofundishia. Oktoba mwaka ule ule ilikuwa imetoka Ubuntu ya kwanza, Linux iliyodhaminiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na sidii zake ziliagizwa bure na kufika kwenye sanduku la posta ndani ya bahasha ngumu. Kwa mtu anayepakua kwa biti 33,600, sidii ya bure ya megabaiti 700 si zawadi ndogo. Ubuntu ilibeba pia draiva kadhaa zilizofungwa, zikiwemo za baadhi ya modemu za ndani, katika vifurushi vya kuongezwa baadaye. Kasoro ni kwamba vingine ilibidi vipakuliwe. Mtu wa Tandika alirudi pale pale kwenye daladala, mfukoni sasa ana flashi badala ya flopi.

Kisha waya wenyewe ukaanza kupitwa na wakati. TTCL na Zantel walileta simu zisizo na waya za teknolojia ya CDMA, zilizopigiwa #777 kuingia mtandaoni. Mitandao ya GSM ikaleta 3G kuanzia 2007, na Julai 2009 mkonga wa Seacom ukafika Dar es Salaam kutoka baharini. Ndani ya muda mfupi neno modemu lilibadilika maana mitaani. Halikuwa tena kadi wala boksi. Kilikuwa kijiti cha USB chenye laini ya simu tumboni, na kila mwanafunzi wa Mlimani alikining'iniza kwenye laptopu yake. Kariakoo kukazuka kazi mpya ya kuvichakachua ili vikubali laini ya mtandao wowote.

Fundi aliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha na kwa mashaka. Kijiti kilikuwa nje ya kompyuta, hilo ni kweli, lakini kilipochomekwa kwenye Linux kilijitokeza kama sidii. Watengenezaji walikuwa wameweka programu ya Windows ndani ya kijiti chenyewe, na kijiti kilijifanya sidii hadi programu ile ikiambie kigeuke modemu. Aliyekuwa na Windows hakuona lolote. Mwenye Linux aliandika lsusb na kuona namba 12d1:1446, yaani Huawei akiwa bado amevaa ngozi ya sidii. Jibu lilikuwa usb_modeswitch, programu ndogo iliyoandikwa na Josua Dietze, inayokitumia kijiti ujumbe uleule ambao Windows ingeutuma. Sekunde chache baadaye namba inageuka, kwa mfano 12d1:1001 kwenye E1550, na inajitokeza ttyUSB0. Hapo fundi anafungua minicom, anaandika AT, na kitu kilichotoka kiwandani juzi kinamjibu OK kwa lugha ya mwaka 1981. Kuingia mtandaoni ni ATD*99#, na faili lake la zamani la wvdial lilihitaji kubadilishwa mistari michache tu. ATX3 aliiondoa.

Vijiti vilivyofuata vilikwenda mbali zaidi. Katika mtindo ambao Huawei waliuita HiLink, kijiti hujitambulisha kwa kompyuta kama kadi ya mtandao, na ukifungua kivinjari kwenye anwani 192.168.8.1 unakuta ukurasa wa kupangia kila kitu. Kompyuta haipigi simu tena. Kijiti chenyewe ni kompyuta, na ndani yake, pamoja na ndani ya ruta nyingi za plastiki zilizotundikwa kwenye kuta za Sinza na Tegeta leo, kinachoendesha kazi ni kerneli ya Linux. Ile mashine ya chini ya kaunta Mwananyamala imesinyaa hadi ikaingia mfukoni. Akili ambayo watengenezaji wa miaka ya 1990 waliitoa kwenye modemu ili kuokoa gharama, warithi wao wameirudisha yote, kwa kuwa chipu sasa ni rahisi kuliko kuandika draiva kwa kila mfumo.

Jambo hilo lina upande wake wa kuudhi. Kijiti cha HiLink, kikiwa na werevu wake wote, hakiachi mlango wa AT wazi kwa urahisi. Na fundi bado ana kazi na mlango huo. Kikundi cha VICOBA cha Mbagala ambacho mkewe ni mweka hazina wake kina wanachama ambao wengi hawatumii simu za kuperuzi, na siku moja kabla ya kikao kila mmoja anatakiwa kukumbushwa hisa na marejesho yake. Ujumbe mfupi hutumwa kwa amri za ukoo ule ule wa AT. AT+CMGF=1 inaiambia modemu itumie maandishi ya kawaida, AT+CMGS ikifuatiwa na namba ya simu, kisha maneno, kisha inakwenda. Kompyuta kuukuu yenye Linux inafanya hivyo yenyewe kila wiki, ikisoma majina kutoka kwenye jedwali.

Kijiti kilichokuwa kinafanya kazi hiyo kilipokufa, alikwenda Kariakoo kutafuta mwenzake. Muuzaji alimwonyesha vya 4G, vinavyorusha na WiFi. Fundi akauliza kama hana E173, ile nyeupe ya zamani. Muuzaji alichimba chini ya kaunta, akatoa mfuko wa nailoni uliojaa vijiti visivyotakiwa na mtu, akamwambia achague. Fundi alitoa laptopu yake, akavichomeka kimoja baada ya kingine, akiandika lsusb kila mara na kuvitenga vile vilivyogeuka bila ubishi. Alinunua vitatu kwa bei ya soda chache. Muuzaji alihesabu fedha yake akitabasamu, akamuuliza kama angependa kuchukua mfuko wote.